Nissan Leaf kuwasha nyumba umeme ukikatika: watu wa Arusha na Moshi tuongee hesabu

MtuWaSakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila umeme ukikatika, kwenye magrupu ya mtaa linaibuka swali lile lile: hizi gari za umeme zina betri kubwa kuliko inveta za nyumba kumi, kwa nini zisiwashe nyumba? Majibu yanaanza kumiminika. Mmoja anasema utawauzia TANESCO umeme ulipwe kila mwezi. Mwingine anasema gari italipuka na nyumba yako. Wote wawili hawajawahi kufungua boneti ya gari ya umeme. Mimi ninayo Leaf ya mtumba, ile ya uniti 24, na huwa naitumia nyumbani umeme ukikata, kwa hiyo nimeona niweke uzi tuongee kwa hesabu. Wajuzi mtaongezea.

Kuna mambo matatu watu wanayachanganya. Kuna kuchomeka vifaa vyako moja kwa moja kwenye gari: friji, TV, taa. Kuna gari kulisha nyumba nzima kupitia meni swichi. Halafu kuna gari kurudisha umeme kwenye laini ya mtaa, wengine watumie na wewe ulipwe. La kwanza unaweza kulifanya wiki hii hapa hapa Arusha. La pili linawezekana ila linataka vifaa na fundi anayejua anachoshika. La tatu kwa hapa kwetu bado sana, na sababu haipo kwenye gari.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Willett Kempton wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliliandika na mwenzake mwaka 1997, enzi hizo gari za umeme ni za kuhesabika. Kilicholitoa kwenye makaratasi ni tetemeko na tsunami ya Japani, Machi 2011. Mitambo ya Fukushima ikaharibika, watu wengi wakakaa gizani, huku Leaf zimepaki nje zina chaji. Mwaka uliofuata, 2012, Nissan na kampuni ya Nichicon wakaleta sokoni kisanduku cha kufunga ukutani nje ya nyumba. Unachomeka gari kwenye tundu la CHAdeMO, lile la chaji ya haraka, umeme unatoka kwenye betri, unageuzwa, unaingia ndani hadi kilowati 6.

Hapo ndipo panapotuhusu sisi wa mitumba. Leaf zinazoshuka bandarini Dar nyingi zimetoka Japani na tundu hilo zinalo. Kinachokosekana ni kisanduku, na kile cha Kijapani kimetengenezwa kwa volti 100 na 200 za kwao, sisi tuna 230. Ukikikuta mtandaoni kinauzwa kwa bei ya kutupa, usikimbilie.

Sasa hesabu. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Leaf yangu ilipotoka kiwandani ilikuwa na uniti 24, lakini betri inazeeka. Wenye Leaf mnavijua vile vipau 12 pembeni ya geji: cha kwanza kinapotea betri ikishapungua karibu asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni asilimia 6 na kitu. Yangu ina vipau 9, yaani imebaki asilimia 72 hivi. Toa ile akiba ambayo gari yenyewe haikuruhusu kuigusa, nabaki na kama uniti 15. Sipendi ishuke chini ya theluthi kwa sababu asubuhi kuna watoto wa shule, kwa hiyo za nyumba nahesabu 10.

Friji langu linakula uniti moja na kitu kwa siku. Taa, TV, kisimbuzi, ruta, simu na laptop vyote kwa pamoja havifiki uniti mbili. Hita ya kuogea ile ya papo kwa papo inavuta kilowati 5 na zaidi, hiyo sahau. Pasi nayo sahau. Julai huku kwetu baridi inauma kweli, lakini maji yachemshwe kwa gesi.

Ninachofanya mimi ni kitu rahisi. Kila gari ya umeme ina betri ndogo ya volti 12 kama gari nyingine yoyote, ila badala ya alteneta ina kigeuzi kinachochukua umeme wa betri kubwa na kuijaza hiyo ndogo muda wote gari ikiwa imewashwa. Cha Leaf kinaweza zaidi ya kilowati moja. Nimefunga inveta ya wati 1,000, ile ya mawimbi safi (ya bei rahisi inaunguruma na inaua kompresa ya friji), kwenye nguzo za hiyo betri ndogo. Waya ni mnene, wa milimita 35, mfupi kadiri ilivyowezekana, kwa sababu wati 1,000 kwa volti 12 ni karibu ampia 90. Fyuzi ipo kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kutoka kwenye inveta ni ekstensheni inapita dirishani hadi kwenye friji na kona ya TV. Waya za nyumba sizigusi kabisa.

Kuna hasara moja. Gari ikiwa imewashwa, yenyewe tu inakula kama wati 200. Usiku wa saa kumi ni uniti 2 zimeenda bure. Ndiyo maana siiachi inawaka kutwa nzima. Friji nalipatia umeme masaa machache, nazima, mlango haufunguliwi ovyo. Usiku mmoja wote unanigharimu uniti 4 hivi, asubuhi naendesha kama kawaida.

Na jambo moja naliandika peke yake ili mtu asije akasema hakuliona. USITENGENEZE ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili ukachomeka inveta kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako utatoka kupitia mita, ufike kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui kama umeme unatoka upande gani. Inapandisha. Volti 230 zako zinakuwa 11,000 au 33,000 kwenye laini, na juu ya nguzo kuna kijana wa watu anarekebisha akijua laini imezimwa.

Karibuni.

---

Mangi_Machame

Uzi umetulia. Mkuu, huku kwetu Machame masika ikianza miti inaangukia waya, umeme unaweza kulala mpaka kesho yake jioni. Mimi nina Alphard Hybrid, nyuma kuna soketi imeandikwa 1500W. Nimekuwa naiangalia tu. Naweza kuchomeka friza la maziwa la mama watoto?

---

MtuWaSakina

Mangi, usichomeke hivi hivi. Soketi hiyo inatoa volti 100 za Kijapani. Friza la volti 230 ukilipatia 100 mota yake inakwama, inapata moto, unanunua friza jingine. Unahitaji transfoma ya kupandisha kutoka 100 kwenda 230, iwe ya wati 2,000 au zaidi ili ihimili ule mvuto friza linapoanza.

Halafu ujue kimoja: betri ya hiyo hybrid ni ndogo, haifiki hata uniti mbili. Ikipungua injini inajiwasha, inachaji, inazima. Yaani hapo una jenereta ya petroli, ila jenereta tulivu na yenye bodi nzuri. Paki mahali penye hewa, sio ndani ya gereji iliyofungwa, moshi ni ule ule.

Mitsubishi Outlander PHEV, hybrid ya kuchaji kwa plagi, ndiyo ipo katikati. Za mwanzo, za 2013, zina betri ya uniti 12, nazo nyingi zina soketi ya wati 1,500, volti 100 vile vile. Hiyo inaweza kulisha friza usiku mzima injini imelala.

---

BwawaKwanza

Mnajisumbua. Bwawa la Nyerere kule Rufiji limekamilika, megawati 2,115, mashine tisa zinazunguka. Umeme upo wa kumwaga. Mambo ya kulala na gari imechomekwa friji ni ya watu wenye muda.

---

MtuWaSakina

Mkuu, hakuna aliyesema umeme haupo. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa wa upungufu wa uzalishaji, ukaisha mashine za Rufiji zilipoanza kuingia mwanzoni mwa 2024. Lakini tarehe 1 Aprili 2024, mashine zimeshaanza kuingia, nchi nzima ilizima kwa hitilafu ya gridi. Mwezi uliofuata ikatokea tena. Umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika Ngaramtoni ni mambo mawili.

Angalia ramani. Sisi Kaskazini tupo mwisho wa waya. Umeme unasafiri mamia ya kilomita, njiani unapotea na volti zinashuka, saa mbili usiku balbu inageuka njano na friji linaguna. Hata Rais Samia alipokuwa Kilimanjaro Machi 2025 alilizungumzia hilo, akasema Kaskazini inunuliwe umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa sababu ya huo umbali. Laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Lemugur hapa Arusha, kisha Singida, ndiyo yenyewe.

Vyanzo vya jirani yetu ni vidogo. Nyumba ya Mungu ni megawati 8. Hale 21. Pangani mpya 68. Sasa hapo ndipo hesabu ya gari inanogea: Leaf moja kwenye kisanduku cha kilowati 6 ni kidogo, lakini Leaf 1,333 zilizochomekwa kwa wakati mmoja ni Nyumba ya Mungu nzima, na zipo mtaani kwako, hazihitaji waya wa kilomita mia tano. Tatizo ni kwamba hizo gari 1,333 hatuna. Za umeme nchini kwetu nyingi ni bajaji na pikipiki.

---

Mwalimu_Njiro

Shikamooni wakubwa. Naomba nieleweshwe hapo pa kulipwa. Nasoma kwamba Ulaya mtu anachaji usiku bei ikiwa chini, jioni anauza bei ikiwa juu, anabaki na faida. Mimi nikichaji saa nane usiku na kurudisha saa mbili jioni, nitapata nini?

---

MtuWaSakina

Marahaba mwalimu. Utapata hasara, na nitakuonyesha kwa shilingi.

LUKU haina bei ya usiku kwa mtu wa nyumbani. Aliyepo T1 (kundi la bei ya matumizi ya kawaida) analipa shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inagonga 350 na ushee, iwe saa nane usiku au saa mbili jioni. Ukiweka uniti 10 kwenye gari na kuzitoa tena, njiani unapoteza karibu mbili kwenye chaja, betri na inveta. Kwa hiyo umenunua kumi, umerudisha nane, kwa bei ile ile. Hata TANESCO wangekulipa shilingi kwa shilingi bado umepungukiwa.

Na hawakulipi. Mita za LUKU nyingi zimetengenezwa kuhesabu umeme unaoingia tu. Ukisukuma kwenda nje, kuna mita itauhesabu kama umetumia na kukukata uniti, nyingine itadhani umeichezea ijifunge. Ili uuze unahitaji mita ya pande mbili, mkataba, na inveta inayojizima yenyewe laini ikikata. Hayo yote yanapitia TANESCO na EWURA, sio kwa fundi wa mtaani.

Kuna kingine ambacho wanaoagiza gari za umeme hawaambiwi. Kama uko D1 (kundi la nyumba zenye matumizi madogo), uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukivuka hapo ni 350. Leaf kama yangu ukiijaza mara tano umeshamaliza hizo 75. Yaani gari inaingia nyumbani, D1 inatoka. Hata hivyo ukilinganisha na petroli bado nacheka, ila jueni.

Kule wanakolipwa, wanachouza mara nyingi ni utayari, uniti zenyewe ni kidogo sana. Denmark, kampuni ya huduma ya Frederiksberg ilianza 2016 na vani kumi za Nissan e-NV200. Zikirudi jioni zinachomekwa, na usiku kucha zinavuta au kusukuma umeme kidogo kidogo kila sekunde ili gridi ibaki kwenye hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Asubuhi betri iko karibu pale pale ilipokuwa. Mwendesha gridi analipa kwa kuwa tayari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Canberra, Australia. Tarehe 13 Februari 2024 dhoruba iliangusha minara ya laini kubwa jimbo la Victoria, kituo kikubwa cha makaa kikatoka kwenye gridi. Leaf 16 za serikali ya pale Canberra zilikuwa zimechomekwa kwenye visanduku vya pande mbili. Zenyewe, bila mtu kubonyeza chochote, zikaanza kusukuma umeme, jumla kilowati 107. Baadhi zilikuwa zinachaji, zikageuza. Hiyo ndiyo kazi gari inaiweza vizuri: dakika chache za mwanzo, wakati mitambo mikubwa bado inajivuta.

---

DerevaWaPori

Naweka neno kama mtu wa sekta. Land Cruiser za safari za umeme Arusha zipo miaka kadhaa sasa, zile zilizotolewa injini ya dizeli zikawekewa mota na betri. Mimi nimeendesha. Wanyama hawashtuki, mgeni anapiga picha bila mtetemo, raha. Kuna mzungu mmoja aliniuliza kwa nini msizitumie kulisha umeme mjini wakati wa low season, Aprili na Mei, zimepaki yadi.

Nikamwambia Aprili na Mei ndiyo masika, mabwawa yamejaa, nani anahitaji umeme wako? Ukame ukikaza, Septemba na Oktoba, maji yakiwa chini, hizo gari ziko Serengeti na wageni. Kalenda zimepishana.

Tena hata mwezi wa kazi. Bosi hatakubali gari iamke na asilimia 40 eti usiku imesaidia mtaa. Kutoka Arusha mpaka Karatu, halafu upande geti la Ngorongoro, mlima ule unakula betri mpaka unaona namba zinateremka. Mgeni amelipia dola. Kukwama Rhotia na mgeni ni kesi.

---

MtuWaSakina

DerevaWaPori umemaliza, hiyo ya kalenda sikuwahi kuiona imeandikwa mahali. Naongeza tu kwamba masika umeme wetu unakatika kwa miti na nguzo, kama alivyosema Mangi. Kwa hiyo Aprili gari ya yadini haina msaada kwa gridi, ila kwa nyumba ya mwenye yadi inao.

Kama kuna magari yanayofaa kurudisha umeme huku kwetu siku zijazo, naona ni mabasi ya shule. Marekani, mji wa Beverly, Massachusetts, mwaka 2021 basi la shule la umeme lilirudisha umeme kwenye gridi wakati wa kiangazi, likizo ndefu, mabasi yamepaki na feni na viyoyozi vinavuta umeme. Fikirieni Arusha na Moshi zilivyo na shule za mabasi. Asubuhi saa mbili limeshapaki. Saa kumi na moja jioni limemaliza, na saa moja mpaka saa nne usiku, ule muda volti zinalia, liko yadini na betri kubwa kuliko Leaf kadhaa. Ratiba yake inajulikana mwaka mzima. Safari car ratiba yake anaijua mgeni.

---

fundi_volti

Nimekaa kimya nasoma. Mimi niko Ngarenaro, kazi yangu ni inveta na sola, na hizi betri za Leaf zimeanza kuletwa kama skrepa. Nataka kuongelea betri iliyotolewa kwenye gari, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo itakayofika kwa watu wengi kabla ya gari yenyewe.

Betri ya Leaf ya uniti 24 ina moduli 48, kila moduli ni boksi la bati bapa lenye seli nne ndani, volti 7.6, uzito karibu kilo nne. Ukiunga saba kwa mfululizo unapata kama volti 53. Hiyo inaingia kwenye inveta ya kawaida ya volti 48 tuliyozoea kufunga na betri za jeli. Saba zikiwa mpya ni uniti 3.4. Zikiwa zimechoka kama ya mwanzisha uzi ni 2.4 hivi. Ukiweka safu mbili una karibu 5, nyumba ya kawaida inalala nayo bila wasiwasi, na mchana paneli zinajaza.

Sasa pa kuwa makini. Inveta nyingi zinatoka dukani zimesetiwa kwa betri za risasi. Ukiziacha hivyo zitajaza mpaka seli zivimbe. Mimi naseti kujaza kuishie volti 57, kushuka kuishie 46. Na lazima uweke BMS (kifaa kinachochunga kila seli) ya seli 14, maana seli nne za kila moduli zimeungwa kwa jozi na zinahesabika mbili. Kuna wanaofunga bila BMS kwa sababu bei, seli moja inakuwa dhaifu, inashuka peke yake, wenzake wanaisukuma, inavimba. Nimefungua boksi la mteja nikakuta moduli imetuna kama mto wa kulalia, nikamwambia hamisha watoto kwanza hicho chumba halafu tuongee.

La pili, kutoa betri kwenye gari sio kazi ya kufanyia gereji ya chini ya mti. Ikiwa imejaa ni karibu volti 400 za DC (umeme wa betri).  Hiyo inaua. Kuna plagi ya kukata katikati ya betri, ipo kwenye sakafu ndani ya gari, unaitoa kwanza, unaitia mfukoni kwako (sio juu ya dashibodi, mtu atairudisha), unasubiri dakika kumi au zaidi kapasita zishuke, unavaa glovu za volti 1,000, unapima, ndipo unagusa waya za rangi ya chungwa. Chungwa ni hatari siku zote, hata kwenye hybrid zenu.

La tatu, usinunue moduli kwa kuangalia volti. Moduli mbovu ikichajiwa inaonyesha volti nzuri tu kama nzima. Muuzaji akubali uijaze, uipe mzigo, uhesabu ampia-saa zilizotoka. Mpya ni kama 65. Chini ya 35 mimi sichukui. Akikataa kupimiwa, ondoka.

---

Mama_Bites_Moshi

Nauliza kwa wa Moshi. Nina kibanda cha juisi na maandazi pale mjini, majokofu mawili. Nasikia joto linaua hizi betri. Moshi Februari jua linatuchoma mpaka ndani, mtu atanunua Leaf ikae mwaka ife?

---

MtuWaSakina

Mama, joto ni kweli. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na Marekani kwenye jimbo la jangwa la Arizona kelele zilianza 2012 betri zikipoteza vipau mapema. Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari, tumebahatika. Moshi mko chini zaidi na mnachemka, ila hamfiki Arizona. Kinachosaidia: paki kivulini, usiiache imejaa asilimia 100 siku nzima juani, usichaji ikiwa imetoka tu safari ndefu mchana.

Lakini kulisha majokofu mawili hakutaiua. Mota ya Leaf ni kilowati 80. Ukipanda nayo kilima inatoa makumi ya kilowati kwa mkupuo. Majokofu yako kwa nusu kilowati ni kuchota tenki kwa kikombe. Betri inazeeka kwa umri, kwa joto, na kwa kukaa imejaa au tupu kabisa. Vikombe haivisikii.

Ila kwako wewe, kibanda cha mjini, mimi ningekushauri usinunue gari kwa ajili ya majokofu. Gari ikienda Kiboroloni kununua maziwa majokofu yamebaki na nani? Inveta na safu mbili za fundi_volti, au betri mpya ya lithiamu ya volti 48 yenye waranti, inakaa pale pale dukani na haitoki.

---

BwawaKwanza

Haya nimerudi. Tuseme nina hela, nataka nyumba nzima iwake kutoka kwenye gari, sitaki ekstensheni za dirishani. Nafanyaje?

---

MtuWaSakina

Ukiwa na hela usihangaike na Leaf ya zamani. Chukua gari ambayo inatoa umeme wa AC (kama wa ukutani) yenyewe. Hyundai Ioniq 5, iliyoanza 2021, inatoa kilowati 3.6 kupitia adapta inayochomekwa kwenye tundu la chaji. Kia EV6 hivyo hivyo. BYD Atto 3 nayo inayo. Hakikisha tu unayoletewa ni ya soko la volti 220 au 230, sio ya Marekani wala Japani.

Kilowati 3.6 ni nyumba nzima ukiondoa hita, oveni na pampu kubwa ya kisima. Unafunga chenjova kati ya mita na bodi yako ya ndani, upande mmoja TANESCO, upande wa pili gari, na haiwezekani pande mbili ziunganishwe kwa pamoja. Bodi igawe: saketi za hita na jiko zisiguswe na upande wa gari. Ndiyo ile kazi ya jenereta mnayoijua, ila hapa hakuna kelele wala dizeli. Fundi awe na leseni ya EWURA, sio binamu.

---

fundi_volti

Naongezea hapo kwenye chenjova, kabla watu hawajaenda dukani. Nunueni ya njia mbili kamili, inayokata moto na nyutro. Nyingi ninazokuta kwenye nyumba zinakata moto tu, nyutro ya gari na nyutro ya TANESCO zinabaki zimeungana. Kwa jenereta za zamani watu wameishi nayo. Kwa gari haifai, kwa sababu gari zinajipima kama kuna uvujaji wa umeme kwenda ardhini, zikihisi nyutro imeguswa na ardhi ya nje zinakata zenyewe, halafu mteja ananipigia saa tano usiku kwamba gari mbovu.

Kupima ni rahisi. Zima meni, geuza chenjova upande wa gari, weka mita ya fundi kati ya nyutro ya TANESCO na nyutro ya bodi ya ndani. Ikilia, hiyo chenjova irudishe dukani.